Tarihi ya Miguu ya Kamera

Picha ya kwanza iliyopigwa kwa kamera na kuhifadhiwa hata leo haikupigwa kwa kamera iliyosimama juu ya miguu ya aina yoyote, bali kwa sanduku lililowekwa katika dirisha la ghorofa ya nyumba ya Joseph Nicéphore Niépce, huko Saint-Loup-de-Varennes nchini Ufaransa, mnamo mwaka 1826 au 1827. Na kwa kuwa bamba lake lililopakwa lami lilihitaji kukaa katika nuru kwa saa nyingi mno, jua lilipata wasaa wa kuzunguka na kuziangaza kuta za majengo upande huu na upande wa pili, hata mtu akiitazama picha ile huona nuru imetua mashariki na magharibi kwa pamoja. Nyumba nzima, kwa msingi wake wa mawe, ndiyo iliyokuwa kiegemeo cha kamera. Wala hapana fundi aliyefuata aliyepata kiegemeo thabiti kuliko hicho, kwani tarihi yote ya stendi ya miguu mitatu, ambayo wapiga picha wetu huiita tripodi, ni tarihi ya watu waliotaka uthabiti wa nyumba, nao waweze kuubeba begani.

Siri ya Louis Daguerre, iliyotangazwa hadharani mjini Paris tarehe 19 Agosti 1839, ilipunguza muda ule wa saa ukawa wa dakika, lakini haikupunguza uzito: sanduku, mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, kisanduku cha iodini, chombo cha kupashia zebaki moto na chupa za dawa, vyote kwa jumla vilikaribia kilo 50, na aliyevinunua alihitaji hamali wa kuvichukua na meza imara ya kuvitua. Katika picha ya barabara ya Boulevard du Temple, ambayo Daguerre mwenyewe aliipiga mwaka 1838, barabara iliyozoea kujaa magari na watu, haonekani dhahiri ila mtu mmoja, aliyekuwa amesimama akisafishiwa viatu. Wengine wote walikuwa mwendoni, na bamba halikuwashika. Kisa hiki aghalabu husimuliwa ili kuonyesha jinsi mabamba ya zama hizo yalivyochelewa kunasa nuru, nami naona kinaonyesha na jambo la pili ambalo husahauliwa, kwamba kamera yenyewe muda wote ule haikutikisika hata kidogo, kwani ingalitikisika, hata madirisha ya nyumba yasingalionekana. Kabla mwaka 1839 haujaisha, Baron Séguier alikwisha kuonyesha mjini Paris vifaa vilivyopunguzwa uzito kwa ajili ya msafiri, kamera yenye mvukuto wa kukunjika pamoja na miguu mitatu ya kuisimamishia.

Sababu ya kuchagua mitatu wala si minne anaijua kila aliyeinjika chungu juu ya mafiga: ardhi iwe ya mawe, ya mchanga au ya mteremko, ncha tatu hupata pa kutua zote kwa pamoja, ilhali ya nne hubaki ikitafuta mahali pake, na chungu kikayumba. Wapima ardhi walilijua jambo hili zamani, kabla upigaji picha haujazaliwa, na mafundi wa kamera hawakufanya ila kuiga, wakachonga vipande vya mbao ngumu vyenye kuteleza kimoja ndani ya kingine, wakavikaza kwa parafujo za shaba ya manjano, na chini wakatia ncha za chuma za kuchoma ardhi. Mbao, nalisema hili kwa kuwa siku hizi hudharauliwa, ina sifa ambayo chuma kitupu hakina, nayo ni kuumeza mtetemo upesi. Ndiyo maana wapima ardhi na watazamaji wa nyota wangali wakiitumia.

Ajabu ni kwamba katika studio za mwanzo aliyehitaji kiegemeo hakuwa kamera peke yake. Mteja naye aliwekewa nguzo ya chuma nyuma yake, yenye vidole viwili vya kukishika kisogo, asije akatikisa kichwa kabla bamba halijashiba nuru. Na ukizichunguza picha za zama hizo utaona pengine nyayo za nguzo ile zikichungulia nyuma ya visigino vya bwana aliyesimama kwa fahari zote. Lensi aliyoibuni Joseph Petzval wa Vienna mwaka 1840, iliyopitisha nuru nyingi kuliko zilizoitangulia, iliipunguza adhabu hiyo, isiiondoe.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitoa njia ya kolodioni, iliyotumia kioo mahali pa bamba la fedha, nayo ilikuwa na sharti gumu, kwamba kioo kipakwe dawa, kipigiwe picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Mpiga picha wa safari alilazimika, basi, kuchukua pamoja na miguu yake mitatu chumba kizima cha giza. Roger Fenton alipokwenda kwenye vita vya Crimea mwaka 1855 alichukua kamera 5, vioo 700, na gari la farasi lililokuwa la mfanyabiashara wa mvinyo, akaligeuza kuwa chumba hicho. Anayenung'unikia uzito wa mkoba wake leo na aikumbuke shehena ile.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyofika Unguja mwezi wa Agosti 1860 pamoja na Kapteni James Augustus Grant, sahibu wa John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Nile. Grant alipiga picha mjini, na picha zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zilizobaki za mji ule. Lakini walipokwisha kuvuka kwenda bara, Speke alimzuia, akiona kwamba kushinda ndani ya hema lililofungwa, katika joto lile, akishughulika na vioo na dawa, kungemwua mwenzake, na Grant akashika kalamu na rangi akawa mchoraji wa safari. Kilichomshinda hakikuwa kamera, wala hakikuwa miguu yake, bali ni kile kifaa cha ziada, hema.

Waliofanikiwa Unguja walikuwa wale waliokaa mahali pamoja. A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio mjini katika nusu ya pili ya karne ya 19, na wengine waliomfuata, hata Ranchhod Oza aliyeanzisha Capital Art Studio mwaka 1930, walikuwa na neema aliyoikosa Grant, yaani chumba, sakafu, na ruhusa ya kuwa na vitu vizito. Stendi ya studio ya zama hizo, popote ulimwenguni, ilikuwa samani kamili, ya mbao nene na magurudumu ya kuisukumia, yenye mkono wa kuzungusha ili kamera ipande au ishuke, na uzito wake ulikuwa ndio sifa yake.

Katika tarihi yote hii kuna kitu kimoja kidogo ambacho karibu hakikubadilika, nacho ni parafujo. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza huko Uingereza kwamba mafundi wote wakate hesi kwa kipimo kimoja, badala ya kila karakana kuwa na kipimo chake, na katika jedwali lake parafujo ya unene wa robo inchi ilipewa meno 20 kwa kila inchi. Kipimo hicho ndicho mpaka leo kilicho chini ya takriban kila kamera, hata iliyotengenezwa Japani au Ujerumani, nchi ambazo katika mambo mengine yote hupima kwa milimita. Na tofauti ya pembe ya meno, nyuzi 55 kwa Whitworth na nyuzi 60 kwa kipimo cha Kimarekani kilichofuata, ni ndogo hata haizuii kukazana. Parafujo hii ina nduguye mkubwa, wa thumni tatu za inchi na meno 16, anayeunga kichwa cha stendi na miguu yake au kubeba kamera nzito, na wote wawili wameandikwa katika kanuni ya kimataifa ISO 1222. Mtu aliyerithi stendi ya mbao yenye parafujo ya robo inchi anaweza, kwa hiyo, kufunga juu yake kamera ya kidijiti iliyotoka dukani jana, na si ajabu akaiona thabiti kuliko ile aliyouziwa pamoja na kamera.

Mabamba makavu ya jelatini, yaliyotokana na majaribio ya daktari Richard Leach Maddox mwaka 1871, kisha kamera ya Kodak ya George Eastman ya mwaka 1888, kisha kamera ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, kila kimoja kwa zamu yake kilimpa mpiga picha sababu mpya ya kuiacha miguu nyumbani. Hakuiacha kabisa, kwa kuwa kila alipopata filamu yenye kasi zaidi alitamani kitu kigumu zaidi. Mjerumani Carl Georg Schillings, katika safari zake za nchi ya Wamasai na pande za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20, alizisimamisha kamera zake gizani karibu na maji na chambo, akaziunganisha na unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga pindi mnyama alipogusa kamba, na kitabu chake cha mwaka 1905 kikawaonyesha wasomaji wa Ulaya simba wa usiku ambao mkono wa mtu usingethubutu kuwangoja. Watu wa sinema nao walitaka kamera igeuke polepole bila kushtuka, na huko Sydney mwaka 1946 Eric Miller akapata hati ya ubunifu wa kichwa chenye majimaji mazito ndani yake, yanayouzuia mwendo usiruke; vichwa vya video vya leo ni wajukuu wa kile.

Baada ya vita vikuu vya pili mbao ilianza kuipisha alumini. Kampuni ya Gitzo, iliyoanzishwa Paris mwaka 1917 na Arsène Gitzhoven, ilikuwa imetengeneza kamera na vifyatuo kabla ya kuigeukia miguu. Na katika mji wa Bassano del Grappa nchini Italia mpiga picha wa magazeti Lino Manfrotto, aliyechoshwa na stendi za taa za wakati wake, alianza kujitengenezea zake mwenyewe, mpaka mwaka 1974 akatoa tripodi yake ya kwanza. Mwaka 1994 Gitzo ilileta miguu ya nyuzi za kaboni, myepesi na isiyotetemeka ovyo, ambayo imelikaribia lengo letu la nyumba begani kuliko kitu chochote kilichotangulia, ila kwa bei ambayo yenyewe ni mzigo.

Anayetaka kununua leo na aulize uthabiti kwanza, wepesi baadaye. Kilo zilizoandikwa sandukuni asizitegemee sana, kwani hapana kanuni moja inayowalazimisha watengenezaji wote kupima kwa namna moja. Afadhali aifungue miguu pale pale dukani, afunge kamera yake na lensi ndefu kuliko zote alizo nazo, aikuze picha katika kioo cha nyuma mpaka mwisho, kisha augonge mguu mmoja kwa ukucha na kutazama. Picha ikitulia mara moja, na waanze kupatana bei. Ikiendelea kutapatapa, amrudishie muuzaji kwa adabu. Mguu wa vipande vitatu huwa imara kuliko wa vitano, maana kila kipande cha chini ni chembamba kuliko kilicho juu yake, na ile nguzo ya kati ambayo wauzaji hupenda kuipandisha ili stendi ionekane ndefu si chochote ila mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu, kwa hiyo stendi nzuri ni ile inayofika usawa wa macho bila ya kuipandisha. Kichwa cha tufe hugeuka upesi na kumfaa msafiri. Chenye mikono mitatu ni kizito, lakini humfaa anayepiga picha za majengo na kutaka kunyoosha upande mmoja bila kuharibu wa pili. Kibati cha kufungia kamera kikiwa cha mtindo wa Arca-Swiss, itakuwa rahisi kupata kingine pindi kile kikipotea, nacho hupotea.

Ama vikorokoro vingine, mimi ni bahili. Waya wa kufyatulia nauona wa lazima, kwani haina maana kugharimia miguu na kisha kuitikisa kamera kwa kidole, ingawa asiye nao anaweza kutumia saa ya kamera yenyewe ya sekunde mbili. Pimamaji ndogo ni muhimu kwa anayepiga bahari, maana upeo wa bahari ukienda kombo kila mtu huuona. Kioo cha kuchuja mng'aro humfaa aliye pwani, kikaondoa ule weupe juu ya maji na kuonyesha matumbawe. Kipimia nuru je? Tarehe 1 Novemba 1941 mpiga picha Ansel Adams aliuona mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico, akakitafuta kipimia nuru chake asikione, na nuru ilikuwa inatoweka. Akakisia kwa kuwa aliukumbuka mng'aro wa mwezi, akaifungua lensi kwa sekunde moja, akapata picha mashuhuri kuliko zote za maisha yake. Kipimia nuru kilipatiwa badala kichwani mwake, lakini sekunde moja ya kamera kubwa namna ile haina badala ya kiegemeo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo miguu mitatu haisaidii kitu. Katika Serengeti au Maasai Mara, ambako mtu haruhusiwi kuteremka garini atakavyo, tripodi hulala chini ya viti, na kinachofanya kazi ni mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, unaowekwa juu ya ukingo wa paa au dirisha, lensi ikalazwa juu yake, dereva akazima injini. Wengine huja na mfuko mtupu kutoka ng'ambo na kuujaza sokoni Arusha.

Kwetu pwani adui wa stendi ni chumvi. Aliyeisimamisha majini au mchangani na aikoshe siku ile ile kwa maji baridi yasiyo ya bahari, afungue vibano vyote, avute vipande kimoja kimoja, atoe mchanga ulioshika katika hesi kwa mswaki mkavu, na aviache kivulini mpaka vikauke ndani na nje, ndipo apake grisi kidogo sana mahali pa kuzungusha, kwani ikizidi itaukamata mchanga wa safari ijayo.