Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Ukaguzi wa Mikataba ya Tokeni, Ikisomwa Kutoka Juba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kabla ya kompyuta, lakini inafaa kuanzia mjadala wa fedha ambayo yenyewe ni daftari. Sarafu ya kidijitali haina noti wala chuma. Ni maandishi ya nani ana kiasi gani, yaliyonakiliwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Insha hii inajadili jinsi kazi ya kukagua maandishi hayo ilivyozaliwa, na kwa nini historia yake inatuhusu sisi tunaosoma na kuishi Juba. Hoja yangu ni kwamba ukaguzi haukuondoa haja ya kumwamini mtu. Ulichofanya ni kuihamisha imani hiyo kutoka mahali pamoja hadi pengine, na asiyejua imehamia wapi ndiye anayepoteza.

Sisi tuna sababu ya kulisikiliza somo hili. Tarehe 18 Julai 2011, siku tisa baada ya uhuru, pauni ya Sudan Kusini ilianza kutolewa ikiwa na picha ya Dkt. John Garang. Siku chache baadaye Khartoum nayo ikatoa noti zake mpya, na pauni za zamani zilizobaki mikononi mwa watu wa kusini zikawa chanzo cha mzozo kati ya serikali mbili. Desemba 2015 thamani rasmi ya pauni yetu ilishuka kwa siku moja, kutoka takriban pauni 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Mtu aliyekuwa na akiba sandukuni hakuibiwa hata noti moja, lakini asubuhi iliyofuata alikuwa maskini zaidi. Watu waliopitia hayo ni wepesi kumsikiliza anayewaletea fedha isiyotegemea serikali yoyote. Ndiyo maana matangazo ya tokeni mpya hutufikia kwenye simu, na karibu kila moja hubeba neno lilelile: imekaguliwa. Neno hilo limekuwa kama hirizi.

Kwanza tuelewe kinachokaguliwa. Mtandao wa Ethereum ulianza kazi Julai 2015. Uliwawezesha watu kuandika mikataba mahiri, yaani programu ndogo zinazoshika fedha na kuzilipa zenyewe kulingana na masharti yaliyoandikwa ndani yake. Tokeni nyingi ni mikataba ya aina hiyo. Mkataba ukishawekwa kwenye mtandao, kwa kawaida hauwezi kufutwa wala kusahihishwa, isipokuwa mwandishi awe ameacha mlango wa kuurekebisha. Hapo ndipo ukaguzi huu unapotofautiana na ule tunaoujua. Mkaguzi wa hesabu za serikali huja baada ya fedha kutumika, akauliza zilikwenda wapi. Mkaguzi wa mkataba mahiri lazima aje kabla, kwa sababu baada ya hapo kosa limekuwa sheria.

Somo kubwa la kwanza lilikuja mwaka 2016. Mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO ulikusanya zaidi ya etha milioni 11, zenye thamani ya takriban dola milioni 150. Msimbo wake ulikuwa umepitiwa na wataalamu wa usalama kabla ya kuanza. Hata hivyo, tarehe 17 Juni mtu asiyejulikana alianza kuukamua. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa hatua mbili tu. Tumfikirie karani anayempa mteja fedha kwanza, kisha ndipo anapopunguza salio daftarini. Mteja mwerevu, kabla kalamu haijagusa karatasi, anaomba tena. Karani anatazama daftari, anaona salio halijapungua, anatoa tena. Zoezi hilo likarudiwa hadi etha milioni 3.6 zikatoka. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mkataba ulifanya kile ulichoandikiwa.

Kilichofuata ni muhimu zaidi kwa mwanahistoria. Tarehe 20 Julai 2016, wengi katika jumuiya ya Ethereum walikubali kubadilisha daftari lenyewe ili fedha zirudi kwa wenyewe. Waliokataa, wakisema kilichoandikwa kimeandikwa, waliendelea na daftari la zamani, ambalo hadi leo huitwa Ethereum Classic. Kumbe hata fedha iliyojisifu kwamba haihitaji mtawala ilipopata msiba ilihitaji baraza la wazee. Baada ya hapo ukaguzi wa mikataba ukawa kazi kamili, yenye kampuni zake, zana zake na orodha zake za makosa yanayojulikana.

Orodha hiyo iliongezeka Aprili 2018 kupitia tokeni iliyoitwa BeautyChain. Mfano wa kosa lake uko kwenye kila bodaboda. Mita ya kilomita yenye tarakimu sita ikifika 999999, kilomita moja zaidi huirudisha kwenye sifuri. Namba ndani ya mkataba nazo zina kikomo, ingawa ni kikubwa mno. Mkataba ule uliruhusu kutuma kiasi kilekile kwa watu kadhaa kwa mkupuo, na kwanza ulizidisha kiasi kwa idadi ya wapokeaji. Mshambuliaji alitaja wapokeaji 2, kila mmoja kiasi ambacho ni nusu kamili ya mzunguko wa mita. Mbili mara nusu ni mzunguko mzima, hivyo mita ikasoma sifuri. Mkataba ukauliza kama mtumaji ana salio lisilopungua sifuri, alikuwa nalo. Kisha kila mpokeaji akaandikiwa ndani ya mkataba kiasi chenye tarakimu 77. Masoko yakalazimika kusimamisha biashara ya tokeni hiyo. La kusikitisha ni kwamba mistari mingine ya mkataba huohuo ilitumia hesabu salama zenye kinga dhidi ya kosa hilo. Mstari mmoja ulisahauliwa. Desemba 2020 lugha ya Solidity, inayotumika kuandika mikataba hii, ilianza kuweka kinga hiyo yenyewe.

Mfano wa karibu nasi unatoka Mombasa. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa ili waendelee kuuziana pale shilingi inapoadimika. Mwanachama alihitaji kudhaminiwa na wenzake. Kabla mwezi haujaisha, mwanzilishi wa mradi, Will Ruddick, na wanachama kadhaa walikamatwa wakidaiwa kughushi fedha. Mashtaka yaliondolewa Agosti mwaka huohuo. Shirika la Grassroots Economics liliendelea, na mwaka 2018 likashirikiana na Bancor kuzipeleka sarafu hizo za jamii kwenye mikataba ya kidijitali. Julai mwaka huohuo Bancor yenyewe iliibiwa. Mwizi hakutafuta kosa la hesabu. Alipata pochi iliyokuwa na mamlaka ya kurekebisha baadhi ya mikataba, akatoa etha za takriban dola milioni 12.5 pamoja na tokeni nyingine. Bancor ikafanikiwa kuzizuia tokeni zake yenyewe zenye thamani ya takriban dola milioni 10. Wakosoaji wakauliza: kama kuna mtu anayeweza kuzuia, je, tokeni hizo hazina bwana?

Swali hilo linafika hadi kwa mama wa Kinango au Mukuru aliyepokea Sarafu, mrithi wa Bangla-Pesa, kwenye simu yake ya kabambe. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 mfumo huo ulikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Hawakushika funguo za pochi zao, shirika liliwashikia. Hawakusoma msimbo. Walichoweza kukagua ni kile walichokagua Bangladesh mwaka 2013: kama jirani atakubali vocha hii kwa unga kesho. Ukaguzi huo wa jirani hauoni kosa la kuzidisha. Na mkaguzi wa msimbo haoni kama kuna unga dukani. Kila mmoja anahitaji kazi ya mwenzake.

Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kuchangia. Tunaposema “kukagua”, wengi huwaza kuhesabu na kugonga muhuri. Kazi niliyoieleza inafanana zaidi na uhakiki: kusoma matini neno kwa neno na kuuliza inaruhusu nini, si mwandishi alikusudia nini. Waandishi wa The DAO hawakukusudia karani wao alipe mara mia. Matini iliruhusu. Na kama ulivyo uhakiki wa fasihi, ripoti ya mkaguzi ni usomaji wa mtu fulani, wa toleo fulani, kwa siku fulani. Haiapi kwamba hakuna kosa.

Kwa hiyo, mtu wa Konyo Konyo anayeambiwa kwamba tokeni imekaguliwa ana haki ya kuuliza maswali manne. Nani alikagua, na ripoti iko wapi? Toleo lililokaguliwa ndilo lililo kazini? Makosa yaliyopatikana yalisahihishwa? Na nani anashika ufunguo wa kuongeza tokeni au kubadilisha mkataba? Swali la mwisho ndilo ambalo historia ya pauni yetu imetufundisha kwa gharama. Mwaka 2015 hatukupoteza kwa sababu noti zilikuwa na kasoro. Noti zilikuwa sawa. Uamuzi ulifanywa na waliokuwa na mamlaka juu yake. Tokeni yenye msimbo safi na ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja inaweza kuturudisha palepale, tena bila benki kuu ya kuilalamikia. Daftari ni la lazima, kama walivyosema wahenga. Lakini tumjue pia anayeshika kalamu.