Nyuma ya Picha: Demani na Kumbukumbu za Mtaa katika Pwani ya Bagamoyo

Utangulizi



Mada niliyoichagua jioni ya leo yaweza kuonekana ndogo mbele ya hadhira iliyozoea mihadhara kuhusu tenzi, ngeli za nomino na usanifishaji wa lugha. Nakusudia kuzungumzia picha za kawaida: zile zilizomo katika albamu, katika bahasha za kaki chini ya sanduku la nguo, au zilizotundikwa sebuleni, ambazo watu wa mitaani walipiga siku za Idi, siku za harusi, au alasiri yoyote ile wakiwa barazani. Eneo ninaloliangalia ni mji wa Bagamoyo pamoja na vijiji vya jirani yake: Kaole, Mbegani na Mlingotini kwa upande wa kusini, Winde na Saadani kwa upande wa kaskazini.

Dai langu ni moja. Picha ya mtaani ni matini ya Kiswahili, na sehemu ya matini hiyo iliyo hatarini zaidi si sura tunazoziona, bali ni maneno yanayoambatana nazo: jina la mtu, jina la tukio na jina la majira. Maneno hayo yakipotea, sura hubaki bila mwenyewe.

Jina la majira

Niyaanze majira, kwa kuwa ndiyo yanayosahaulika upesi kuliko yote. Wanafunzi wetu hujifunza shuleni kuwa mwaka una majira manne, kisha hutafuta maneno manne ya Kiswahili ya kuyajaza. Masika hupewa kazi ya kutafsiri majira ya machipuko ya Ulaya, vuli hupewa ile ya kupukutika majani, na kipupwe ile ya theluji. Matokeo yake ni kwamba maneno yote yamo midomoni, lakini yameng'olewa katika ardhi na bahari yaliyozaliwa nayo.

Pwani huuhesabu mwaka kwa upepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia takriban Desemba hadi Machi. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Hapo kusi huwa imekwisha kushika, na katika Juni na Julai huwa kali. Huo ndio wakati wa kipupwe, wakati wa baridi ya asubuhi na bahari iliyochafuka. Kuanzia mwisho wa Agosti kusi hupungua nguvu, bahari hutulia, njia huwa zimekauka na miembe huchanua. Kipindi hicho, hadi mvua za vuli zinapoanza, ndicho demani. Kama mtu atatuuliza ni majira gani ya pwani yanayokaribia kile washairi wa kaskazini ya dunia wanachokisifu kuwa ni kufunguka kwa mwaka, basi jibu ni demani, wala si masika.

Hata kalenda ya zamani ilikiri jambo hilo. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaoanzia Siku ya Mwaka au Nairuzi, una siku 365 kamili, nao huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa kuwa hauna siku ya nyongeza, husogea nyuma kwa siku moja kila baada ya miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao hivi sasa huadhimishwa mwezi wa Julai, mwishoni mwa karne ya 19 uliangukia katikati ya Agosti. Kwa wazee wa wakati huo, mwaka ulibisha hodi mlangoni mwa demani.

Demani ni wakati wenye nafasi. Mavuno ya baada ya masika yamekwisha kuingia, fedha kidogo ipo mkononi, jamaa wanaweza kusafiri bila matope, na ngoma inaweza kuchezwa uwanjani hadi alfajiri bila hofu ya mvua. Mpiga picha naye huhitaji mambo hayohayo: mwanga safi, njia kavu na wateja wenye fedha. Si ajabu, basi, kwamba hata Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa miaka mingi kimefanya tamasha lake Septemba au Oktoba.

Kusoma tarehe

Huenda mtu akauliza: elimu hiyo ya majira yamsaidia nini mwanahistoria mwenye picha mkononi? Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme picha mbili zimeandikwa kwa nyuma, moja "Idi Mosi 1974", nyingine "Maulidi 1974". Kwa msomaji asiye mwangalifu, zote ni sikukuu za mwaka mmoja. Lakini ikiwa Idi hiyo ni ile ya Mfungo Mosi, mwaka 1974 iliangukia katikati ya Oktoba, katika kilele cha demani. Na Maulidi ya Mfungo Sita yaliangukia mwanzoni mwa Aprili, katika masika. Nguo, kivuli, udongo wa uwanjani na hata mwendo wa watu hutofautiana. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku takriban 11, sikukuu huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kwa hiyo mtaa ule ule, ukipigwa picha za Idi kwa miaka 33, umepigwa picha katika hali zake zote za mwaka. Hakuna mtaalamu wa nyaraka aliyeupanga mpango huo. Umepangwa na kalenda.

Bagamoyo ina sababu ya pekee ya kuyathamini Maulidi katika hesabu hii. Mji huu ulikuwa kitovu cha tarika ya Kadiria chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Mikusanyiko iliyotokana na mafundisho yake iliwaleta pamoja watu wa asili mbalimbali. Picha ya umati wa namna hiyo ni ushahidi wa historia ya jamii, mradi awepo wa kutueleza nani amesimama karibu na nani.

Picha bila maneno, maneno bila picha

Kamera ilifika pwani hii mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kuvuka pamoja na John Hanning Speke kuja Bagamoyo na kuelekea bara. Baadaye zikafunguliwa studio: ya A. C. Gomes huko Unguja katika karne ya 19, na ya C. Vincenti Dar es Salaam wakati wa Wajerumani. Walther Dobbertin naye alipiga picha nyingi za koloni hilo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, imo tele katika mikusanyo ya Ulaya: maboma, misafara, masoko, watu.

Lakini watu hao ni akina nani? Maelezo yaliyochapwa chini ya picha hizo na chini ya kadi za posta hutaja mara nyingi aina ya mtu, si mtu: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, askari. Jengo lina jina. Aliyesimama mbele yake hana.

Katika miaka hiyohiyo mwenyeji wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Kazi yake juu ya desturi za Waswahili, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, inataja kwa majina yake mambo ya uzazi, ndoa, ngoma, mavazi na safari. Tukiweka kitabu hicho kando ya kadi za posta, tunaiona hasara waziwazi: huku kuna maneno yasiyo na picha, kule kuna picha zisizo na maneno, na yote yametoka katika kizazi kimoja cha mji mmoja.

Tulipiga picha

Lugha yenyewe imeweka kumbukumbu ya namna jamii ilivyokipokea chombo hiki. Katika kamusi za karne ya 19 neno sanamu lilibeba maana pana ya mfano wa kitu, iwe umechongwa au umechorwa. Neno picha, lililotoka Kiingereza, lilikuja kuchukua sehemu ya maana hiyo, na sanamu ikabaki zaidi kwa kilichochongwa. Mgawanyo huo haukuwa jambo dogo katika jamii ya Kiislamu yenye tahadhari juu ya kutengeneza mifano ya viumbe.

Kitenzi nacho kina habari yake. Kiswahili hupiga picha kama kinavyopiga chapa, pasi, mbiu na simu. Lakini angalieni nani anayepiga. Familia iliyovaa ikaenda studio husema, "Tulikwenda kupiga picha," ingawa aliyeshika kamera ni mwingine. Mzee husema, "Picha hii nilipiga mwaka nilipooa." Mwenye sura ndiye mtenda, fundi ni msaidizi wake. Mtu aliyevamiwa na kamera asiyoitaka hasemi hivyo, husema, "Alinipiga picha," au "Nilipigwa picha." Tofauti ya nilipiga na nilipigwa ndiyo tofauti ya albamu ya mtaani na kadi ya posta ya kikoloni. Kwa maoni yangu, hakuna nadharia inayolieleza jambo hili kwa ufupi kuliko kauli hizo mbili.

Mambo yalivyo nyuma ya karatasi

Umiliki huo ulikamilishwa kwa kalamu. Mkanda ukishasafishwa na picha kupatikana, karatasi iligeuzwa ikaandikwa. Utanzu huu mdogo una kanuni zake: neno la kufungulia, kama "Ukumbusho" au "Kumbukumbu", majina kwa mpangilio wa kusimama, kuanzia kulia au kushoto, mahali, tarehe, na pengine salamu kwa anayepelekewa, pamoja na ombi la kujibiwa kwa picha. Majina hufungamana na vyeo vya ukoo: shangazi, mjomba, somo, wifi. Tahajia hufuata matamshi ya mwandishi, na kwa hiyo mtafiti wa lahaja hupata humo mambo yasiyopatikana katika kitabu kilichohaririwa. Waandishi wake wengi ni watu ambao hawakuandika kitu kingine kilichohifadhiwa.

Sasa tumefika kwenye zama za picha za simu. Zimezidi kwa wingi kupita kiasi, nazo zimewapa uwezo watu waliokuwa hawana. Lakini picha ya simu haina nyuma. Simu hutunza tarehe na saa kwa usahihi, wala haijui kuwa aliyekaa katikati ni somo wa bibi harusi. Simu ikiharibika, mara nyingi huondoka na vyote. Na albamu za zamani nazo zinaliwa na unyevu, mchwa na chumvi ya bahari, huku wanaoweza kutaja majina wakipungua kila mwaka.

Hitimisho

Tusipojihadhari, picha tulizopiga sisi wenyewe zitakuwa kama zile tulizopigwa. Wajukuu watafungua bahasha na kuona "mwanamke wa pwani, miaka ya 1970", bila jina, sawasawa na mwandishi wa kadi za posta, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii hatutakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Kiswahili watakaokwenda nyanjani wafanye mambo matatu. Kwanza, waombe ruhusa, na wakubali kukataliwa. Katika nyumba za pwani kuna picha zilizo ndani ya stara, na stara si kikwazo cha utafiti bali ni sehemu ya maana ya picha. Pili, wanakili nyuma ya picha kwa uangalifu uleule wanaounakili ushairi, bila kusahihisha tahajia. Tatu, wakae na mwenye picha na kumsikiliza anavyoisimulia, wakiuliza si mwaka tu bali na upepo: ilikuwa kusi au kaskazi, masika au demani? Mara nyingi asiyeikumbuka tarehe huyakumbuka majira, na kwa majira huikumbuka harusi, na kwa harusi huwakumbuka watu.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Inahitaji daftari, adabu, na kuanza mapema, wakati wenye majina bado wako barazani.