Sarafu ya Diocletian: Fedha Haikosi Tabaka

Katika makumbusho mengi ya Ulaya, ikiwemo British Museum ya London, imehifadhiwa sarafu ya shaba ya Kaisari Diocletian, aliyetawala Dola ya Roma tangu mwaka 284 hadi 305. Upande mmoja una kichwa cha Kaisari. Upande wa pili una kijana aliyeshika pembe iliyojaa mazao, na maneno ya Kilatini GENIO POPVLI ROMANI, yaani kwa roho mlinzi wa umma wa Roma. Swali letu ni moja: umma huo ulipata nini katika pembe hiyo?

Sarafu hii ilianza kutolewa yapata mwaka 294, baada ya fedha ya zamani kupoteza karibu thamani yake yote. Ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi, nayo ilipakwa madini ya fedha juu ili ing'ae. Lakini mng'ao hauongezi mazao. Jeshi kubwa na urasimu mkubwa vililishwa kwa jasho la wakulima na watumwa, na bei zikazidi kupanda.

Mwaka 301 Diocletian alitoa amri ya kuweka kikomo cha bei, na adhabu ya kuivunja ikawa kifo. Utangulizi wake unalalamika kwamba askari humaliza mshahara wake kwa ununuzi mmoja tu. Kwa hiyo ni dhahiri amri ilimlinda nani kwanza. Ujira wa kibarua wa shamba nao uliwekewa kikomo: dinari 25 kwa siku pamoja na chakula, na hali viatu vya mkulima viliruhusiwa kufika dinari 120. Lactantius, mwandishi wa zama hizo aliyekuwa adui wa Diocletian, anaeleza kwamba bidhaa zilitoweka sokoni kwa hofu.

Kisha Kaisari Constantine alitoa sarafu ya dhahabu ya gramu 4.5, ambayo uzito wake haukupunguzwa kwa karne nyingi. Ile ya shaba iliendelea kupunguzwa, na alipofariki mwaka 337 ilikuwa chini ya gramu 2. Huko Misri, kabla ya karne hiyo kwisha, sarafu moja ya dhahabu ilihesabiwa kwa mamilioni ya dinari. Wenye mashamba makubwa na maofisa waliweka dhahabu. Mvuja jasho alibaki na shaba. Na sheria ya mwaka 332 iliruhusu mkulima mpangaji aliyekusudia kutoroka shamba afungwe minyororo kama mtumwa.

Hapa ndipo tunapata fundisho. Dola ya wanyonyaji yaweza kuuandika umma juu ya fedha yake huku ikiunyang'anya matunda ya kazi yake. Hivyo hapana budi kuichunguza fedha yoyote si kwa maandishi yake, bali kwa kuuliza nani anazalisha, nani anaamua, na nani anabaki na dhahabu.