Gari la ndani au la nje: Mwongozo kwa mnunuzi wa Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, gari ni chombo cha uzalishaji kabla ya kuwa chombo cha starehe. Ndilo linalofikisha ndizi, maharage, mahindi na kahawa sokoni, linalompeleka mgonjwa hospitali usiku, na linalounganisha Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Runazi na barabara kuu. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kununua gari huwa ni uamuzi wa familia nzima au wa kikundi kizima, na mara nyingi humaliza akiba ya miaka mingi au huambatana na mkopo.

Kila uamuzi huo unapofikiwa, hoja moja hujirudia: je, mwananchi anunue gari la ndani au la nje? Makala haya yanaeleza maana halisi ya swali hilo katika mazingira ya Tanzania, kodi zinazohusika, tahadhari kwa wakazi wa wilaya za mpakani, na hatua za kufuata kabla na baada ya kulipa.

Gari la ndani ni lipi?

Neno "gari la ndani" hutumika kwa maana tatu tofauti, na mabishano mengi hutokana na kuzichanganya.

Maana ya kwanza ni gari lililobuniwa na kuundwa nchini. Mfano unaojulikana zaidi ni Nyumbu, kazi ya Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania (TATC) kilichopo Kibaha mkoani Pwani, chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kituo hicho kimejikita katika utafiti, uundaji wa mitambo na magari ya kazi maalumu, yakiwemo ya zimamoto. Hakiuzi magari madogo ya abiria katika soko la kawaida. Kwa hiyo, anayetafuta gari dogo la familia lililobuniwa Tanzania halipati dukani kwa sasa.

Maana ya pili ni gari la chapa ya kigeni lililounganishwa nchini. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa malori ya Scania ya Sweden yaliwahi kuunganishwa Kibaha katika kiwanda cha umma cha TAMCO. Leo, katika eneo hilohilo la TAMCO, kampuni ya GF Vehicle Assemblers huunganisha malori ya FAW yenye asili ya China. Vipande vya kuunganishia magari hupata nafuu ya ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kazi na ujuzi vibaki ndani ya nchi wanachama.

Maana ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida mitaani, ni gari lililotumika nchini, yaani lililoagizwa zamani, likasajiliwa, na sasa linauzwa na mmiliki wake. Gari hilo ni la ndani kwa usajili tu, kwani chapa na kiwanda chake vyote ni vya nje.

Hata chapa haitoshi kueleza gari limetoka wapi. Toyota Hilux ni chapa ya Japani, lakini imekuwa ikiundwa pia Afrika Kusini na Thailand. Kwa mnunuzi, la muhimu zaidi ni kujua gari lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani, na kama vipuri vyake vinapatikana karibu.

Uzoefu wa majirani

Nchi jirani zimepita njia zinazotofautiana. Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, vikiwemo vya Thika, Nairobi na Mombasa. Mwaka 1990 nchi hiyo ilizindua magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer, lakini mradi huo haukufikia uzalishaji wa kibiashara. Kampuni ya Mobius, iliyobuni gari la bei nafuu kwa barabara mbovu, ilitangaza mwaka 2024 kufilisika kabla ya kupata mnunuzi mpya. Uganda, kupitia Kiira Motors, ilionesha gari la umeme mwaka 2011 na basi linalotumia nguvu ya jua mwaka 2016. Rwanda ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari ya Volkswagen jijini Kigali mwaka 2018.

Mifano hiyo inaonesha kwamba ujuzi wa kuunda gari upo katika ukanda huu. Kilicho kigumu ni kuuza magari mengi kiasi cha kushusha bei na kutawanya vipuri na mafundi hadi wilayani. Mkulima wa Ngara anapochagua Toyota iliyotumika badala ya chapa changa ya Afrika, mara nyingi anachonunua ni uhakika wa kupata fundi na kipuri Kahama, Mwanza au Bukoba siku gari litakapoharibika.

Kwa nini magari ya Japani yametawala

Zipo sababu tatu za msingi. Kwanza, Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, hivyo usukani wa magari yake upo kulia. Pili, ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo, unaoanza gari jipya likifikisha miaka mitatu na kurudiwa kila miaka miwili kwa magari madogo ya kawaida, una gharama kubwa. Wamiliki wengi huona ni nafuu kuuza gari lingali zima. Tatu, wingi wa magari hayo nchini umezalisha mafundi wanaoyajua na soko kubwa la vipuri.

Hata hivyo, si kila gari la Japani linafaa kila mahali. Mengi ya magari madogo yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za lami za mijini. Kwa mkazi wa kando ya barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, gari hilo linaweza kutosha. Kwa anayeishi katika vilima vya ndani vya Ngara, ambako njia za udongo huteleza wakati wa mvua, kimo cha gari kutoka ardhini, nguvu ya injini milimani na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne ni mambo ya kuzingatia kabla ya bei.

Kodi na hesabu yake

Gari linaloingizwa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani inayojumuisha bei, bima na usafiri hadi bandarini. Juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: asilimia 0 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000, asilimia 5 kwa inayozidi hapo hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi 2,000. Kisha hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine ndogo na ada ya usajili.

Kwa mfano, gari lenye thamani ya kiforodha ya shilingi 10,000,000, injini ya sentimita za ujazo 1,500 na umri wa chini ya miaka 8, huhesabiwa hivi: ushuru wa forodha shilingi 2,500,000, ushuru wa bidhaa shilingi 625,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani shilingi 2,362,500. Jumla ni shilingi 5,487,500 kabla ya tozo nyingine. Anayepanga bajeti kwa kuangalia bei ya muuzaji wa Japani pekee atakwama bandarini.

Umri wa gari hubadilisha hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikuzuia, bali huongeza ushuru kwa magari ya abiria yaliyozeeka: asilimia 15 kwa yenye umri wa miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa yaliyozidi miaka 10. Kwa hiyo gari la zamani lenye bei ndogo ughaibuni linaweza kugharimu zaidi, likishafika, kuliko gari changa kidogo.

Ikumbukwe pia kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, na thamani hiyo inaweza kuwa tofauti na bei iliyo kwenye ankara. Viwango vya kodi vinaweza kubadilika kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha. Mnunuzi anashauriwa kutumia kikokotoo cha kodi za magari kilichopo katika tovuti ya TRA kabla ya kutuma fedha.

Tahadhari kwa wakazi wa mpakani

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Vituo vya Rusumo na Kabanga hufanya kazi kwa utaratibu wa huduma za pamoja mpakani, na cha Rusumo kilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na Marais wa Tanzania na Rwanda. Ukaribu huo huleta kishawishi cha kununua gari ng'ambo ya mpaka. Mambo matatu yafahamike.

Kwanza, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara. Gari lenye usukani wa kushoto likitumika Tanzania humnyima dereva uwezo wa kuona mbele anapotaka kulipita lori. Katika barabara ya Rusumo, inayobeba malori ya masafa marefu kutoka Bandari ya Dar es Salaam, hatari hiyo si ndogo.

Pili, kununuliwa katika nchi ya Jumuiya hakulifanyi gari kuwa la Jumuiya. Nafuu ya ushuru hutegemea hati ya asili ya bidhaa inayothibitisha kwamba gari lilitengenezwa au kuunganishwa kwa vigezo vilivyokubaliwa. Gari lililotoka Japani likasajiliwa Kigali au Bujumbura linabaki kuwa la Japani mbele ya forodha.

Tatu, gari la kigeni linaloingia kwa kibali cha muda haliruhusiwi kugeuzwa mali ya Mtanzania kimyakimya. Anayelinunua bila kupitia forodha anaweza kunyang'anywa gari, kudaiwa kodi na kushtakiwa, huku muuzaji akiwa ameshavuka mpaka na fedha.

Kununua gari lililotumika nchini

Njia hii humwezesha mnunuzi kuliona gari, kulijaribu na kuepuka kusubiri meli. Hata hivyo, ina mitego yake. Herufi ya mwanzo baada ya tarakimu katika namba ya usajili, ambayo wengi hupimia upya wa gari, huonesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania tu. Mwaka wa kutengenezwa ni jambo jingine, na gari lenye namba mpya linaweza kuwa na umri wa miaka 15.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa:

1. Kulinganisha namba ya chasi na ya injini zilizo kwenye gari na zilizoandikwa katika kadi ya usajili.
2. Kuthibitisha TRA kwamba muuzaji ndiye mmiliki, na kwamba gari si dhamana ya mkopo.
3. Kuangalia kwa namba ya usajili kama gari linadaiwa faini za usalama barabarani.
4. Kumtumia fundi asiye na uhusiano na muuzaji, kwani kilomita zilizo kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma.
5. Kuandika mkataba wa mauziano mbele ya wakili au mwanasheria anayetambulika, na kulipa kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Baada ya malipo, umiliki uhamishwe TRA mara moja. Muuzaji naye ana maslahi katika hilo: gari likisababisha ajali au kutumika katika uhalifu, jina linaloonekana katika kumbukumbu ni lake.

Wajibu baada ya kununua

Bima inayomlinda mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa katika ushuru wa mafuta, hivyo asitokee wakala wa kuidai. Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo, iwe kwa Noah au Hiace, lazima apate leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na atumie namba nyeupe za biashara badala ya njano za binafsi.

Uchaguzi kwa muhtasari

Kikundi cha wakulima au mfanyabiashara anayehitaji lori ana sababu ya kuulizia malori yaliyounganishwa nchini. Huyapata yakiwa mapya, na muuzaji anayewajibika yupo ndani ya nchi. Aulize kwa maandishi muda wa dhamana, kituo cha matengenezo kilicho karibu zaidi na muda wa kupata vipuri, kwa kuwa lori lililosimama Nyakanazi likisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, halilipi mkopo.

Anayehitaji gari dogo la familia bado atachagua kati ya lililoagizwa na lililokwisha kutumika nchini. Kwake, hesabu sahihi ni bei, kodi, usafiri hadi Ngara au Biharamulo, mafuta, matairi na vipuri vya miaka mitatu ya kwanza. Gari linalozidi uwezo wa mwenye nalo kulihudumia huishia juu ya mawe uani, hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kutupwa.