Kifungo cha Nje Si Biashara

Ukipewa kifungo cha nje na korti ya Wundanyi, anayekufuatilia ni afisa wa probesheni wa serikali. Humlipi hata bob. Tuliurithi mfumo huu kwa mkoloni: sheria ya 1943, kazi ikaanza 1946.

Cheki sasa, mwaka wa 2014 Uingereza yenyewe ilipatia kampuni binafsi sehemu ya kazi hiyo. Wakaguzi wakalalamika, na 2021 yote ikarudi serikalini.

Marekani ni noma zaidi. Huko Georgia, kampuni hutoza ada kila mwezi yule anayesimamiwa. Faini ikikushinda, unakaa chini yao zaidi, deni linapanda. Na kesi iliyoamua kwamba umaskini pekee haufai kumpeleka mtu jela ilitoka Georgia hiyo hiyo, 1983!

Wasee, wakitujia Taita, tuwaulize kwanza: mnapata faida nikimaliza, ama nikikwama?