Upelelezi wa mezani

Mchezo wa nyumbani ambamo wachezaji hushirikiana kufumbua kisa cha jinai badala ya kushindana. Nchini Uganda, michezo iliyozoeleka ni ya kushindana: ludo, karata za matatu na omweso wenye mashimo 32 na kete 64.

Mfano mashuhuri wa upelelezi wa mezani ni *Sherlock Holmes Consulting Detective*, uliotoka Marekani mwaka 1981 na kushinda tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres mwaka 1985. Hauna dadu. Kuna ramani ya London, magazeti na orodha ya anwani. Kundi huchagua anwani, tuseme 42 NW, kisha mmoja husoma kwa sauti aya ya anwani hiyo. Mwishoni alama hulinganishwa na za mpelelezi Holmes, naye kwa kawaida huwaacha wachezaji mbali.

Kisa kikishafumbuliwa, hakichezeki tena.