Uniti ngapi, au saa ngapi?

Wadau, hivi uniti ya umeme ya saa moja jioni ni sawa na ya saa nane usiku? Uingereza walijibu hapana mwaka 1978, walipoanzisha Economy 7: saa saba za usiku kwa bei nafuu. Haikuwa huruma. Mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na nyuklia haizimwi na kuwashwa kama taa, na usiku wateja wamelala. Basi watu wakaweka hita zenye matofali ndani: yanapashwa moto usiku, yanatoa joto mchana. Kuanzia miaka ya 1980, mita nyingi zilibadilishiwa bei kwa mawimbi ya redio yaleyale yaliyokuwa yakirusha Radio 4 ya BBC. Juni 2025 huduma hiyo ikaanza kuzimwa kwa awamu. Wateja wakaonywa: usipobadili mita, hita inaweza kugoma kuwaka, au ikawaka muda wote.

LUKU yetu, iliyoingia Tanzania miaka ya 1990, inauliza uniti ngapi, haiulizi saa ngapi. Siku ikiuliza, mwenye uwezo wa kufua usiku atapona. Mpangaji anayetoka kazini saa moja jioni ndipo apike, atalipia ratiba asiyoipanga yeye. Nyie mnasemaje?